Lete na Langu

Harbour Loyal
2 Septemba 1986

Bibi mpendwa,

Nakuamkia. Goti linasemaje? Na paka? Mwambie Bi Melvina namsalimu, maana najua ndiye anayekusomea hii, na najua amekwisha kohoa mara mbili kabla ya kuanza. Mimi mzima. Mama alinipigia Jumapili kutoka Toronto, anasema joto la huko limemchosha na kwamba atakuandikia. Usinune.

Habari yenyewe ni hii. Mwezi wa saba bomba moja la amonia, ile gesi ya kugandishia samaki, lilivuja hapa kiwandani. Kidogo tu, kisha fundi akafunga valvu. Lakini watu walitawanyika kama kuku walioona mwewe, huyu mlango huu, yule mlango ule, na Pearl wa meza ya tano akajificha chini ya meza kama vile gesi haijui kuinama. Hakuna aliyeumia. Sasa chama cha wafanyakazi kimesema lazima tuwe na mpango ulioandikwa: nani afunge nini, watu watokee wapi, wasimame wapi, wahesabiwe vipi. Wakatafuta mtu mwenye mwandiko mzuri. Wakanichagua mimi, Bibi! Mimi uliyekuwa ukinifukuza jikoni kwa kumwaga maziwa.

Sifanyi peke yangu. Yuko mama mmoja, Effie Skiffington, ana miaka sitini na minne, amekata minofu hapa tangu kiwanda kijengwe. Ndiye ninayetazamana naye mezani. Sote tunamwita Shangazi Effie. Yeye ndiye aliyesema tusikimbie ovyo, tutazame kwanza upepo unakoelekea, maana gesi hufuata upepo. Akakata mguu mmoja wa suruali yake ya mvua, ya manjano, akaufunga juu ya nguzo nje ya mlango mkubwa. Ukivimba kulia, sisi twende kushoto. Tena Shangazi Effie ndiye aliyesema kila mtu atoke na mwenzake wa meza, asitoke bila yeye, ili tuhesabiwe wawili wawili. Shule hakwenda, lakini akili anayo! Jumapili Shangazi Effie hunipikia. Mkate wake unafanana na wako.

Mpango uwe tayari kabla ya theluji. Wewe ulikata samaki miaka kumi na tisa kwenye kiwanda cha zamani cha hapo Gannet Arm. Una lolote la kuniambia?

Mjukuu wako,
Glenda


Gannet Arm
21 Septemba 1986

Glenda,

Goti linauma. Paka amezaa kwenye kikapu changu cha sufu, watoto watano, mmoja ana sura ya mchungaji wetu. Melvina anasema hakukohoa mara mbili, alikohoa mara moja, na anataka hilo liandikwe. Basi limeandikwa. Mimi nasema, yeye anaandika, na hapunguzi neno. Akipunguza simpi mkate.

Ndiyo, mkate. Nimemwambia Melvina asome barua yako tena na ahesabu. Effie yumo mara nne. Bibi nimo mara mbili, na moja ni ile ya kuanzia, ambayo hata mtoza kodi huandikiwa.

Shangazi! Baba yako hakuwa na dada hata mmoja. Huyu shangazi umemwokota wapi, kwenye wavu? Na mkate wangu haufanani na mkate wa mtu. Anatia molasi? Anaukanda mara ngapi? Muulize, uniandikie. Si kwamba nataka kujua.

Halafu unaniambia shule hakwenda lakini akili anayo. Mimi nilikwenda? Nilikwenda shule siku tatu, siku ya nne mama akajifungua, ikawa basi. Nimekulea tangu una miaka minne kwa akili hiyo hiyo ya siku tatu, na sijakuona ukiandikia watu wa Harbour Loyal habari zangu. Melvina anacheka. Anasema nina wivu kama mke mkubwa aliyeletewa mwenzake ndani. Mwache acheke.

Huo mguu wa suruali, sisi tulikuwa tukifunga gunia la unga juu ya nguzo, miaka thelathini na tano nyuma, na hakuna aliyetuita wenye akili. Haya, chukua mawili haya. La kwanza, kila mtu awe na kitambaa na pawe na ndoo ya maji safi karibu na mlango. Achovye, ajifunike pua na mdomo, atoke. Gesi ile inapenda maji kuliko inavyopenda mapafu. La pili, ikimwagika chini ikatuama kama maji, mtu asiimwagie maji kuiosha. Itachemka kama maziwa na kuwapanda usoni. Wamwachie fundi mwenye kinyago. Hayo nimekupa. Mengine sina.

Usipige simu. Simu yetu ni ya nyumba sita, ukipiga chafya wanakuombea afya wote.

Njoo Krismasi. Msumari wako wa koti nyuma ya mlango hautundikwi kitu. Juzi Hedley wa jirani alitundika kofia yake pale, nikaitupa nje, naye akaifuata.

Bibi yako (mmoja),
Tryphena


Harbour Loyal
19 Oktoba 1986

Bibi,

Nimecheka mpaka mwenye nyumba akagonga ukuta. Watoto wa paka usiwagawe wote, niwekee yule mchungaji. Hapa tuna samaki wengi, tunakata siku sita, vidole vinalala kabla yangu.

Nakutumia nakala ya mpango ili Bi Melvina akusomee. Vitambaa na ndoo vimo, ukurasa wa pili, na nimeandika jina lako. Ijumaa tulifanya zoezi. King'ora kikalia, watu themanini na wanne, wote nje kwa dakika tatu! Jua lilikuwa linawaka, mikono wazi, tukasimama kwenye nyasi upande wa gati, wawili wawili kama wanafunzi. Msimamizi wetu, Bwana Stuckless, alitazama saa yake mara mbili kisha akanishika mkono. Bibi Effie alilia kidogo, akasema ni moshi wa sigara ya Pearl. Amenifumia glavu za sufu, nyekundu, zina kidole cha kufyatulia bunduki kama zile ulizokuwa ukimfumia Babu.

Mkate hatii molasi. Anaukanda mara mbili.

Kuna jambo aliniuliza. Alisema: "Si Gannet Arm ndiko gesi ilikoua mtu, mwaka hamsini na moja?" Nikasema sijapata kusikia. Nikamuuliza Mama kwa simu, naye akaniuliza hali ya hewa. Ni kweli, Bibi? Kama ni kweli, niambie ilikuwaje, mpango uwe mzuri zaidi.

Wako,
Glenda


Gannet Arm
9 Novemba 1986

Glenda,

Sote wazima. Hedley amepiga paa, nimepata paja. Melvina anamalizia sweta kwa ile ruwaza ya marehemu dada yake, yenye mafundo, na hakuna mwingine hapa anayeiweza.

Bibi Effie. Nimemwambia Melvina aniletee karatasi nione mwenyewe. Kusoma sijui, lakini jina langu nalijua lilivyo, na neno lile umekuwa ukiliweka mbele ya jina langu tangu umejua kushika penseli. Sasa naliona limekaa mbele ya jina la mtu mwingine kama mbwa aliyehamia nyumba ya pili. Umeteleza? Mtu huteleza penye utelezi.

Mara mbili! Mkate unaokandwa mara mbili ni wa kuzibia madirisha. Na glavu nyekundu zinatoa rangi. Nitakutumia za kijivu.

Unauliza mwaka hamsini na moja. Mwaka hamsini na moja kulikuwa na theluji nyingi. Andika hivyo. Melvina ameweka kalamu chini, amekwenda kutazama birika, nalo hata halijashika moto.

Amerudi.

Mpango wako nimesomewa mara tatu. Ni mzuri. Mwandiko wako hata mimi naona umesimama wima. Nani afunge valvu, yumo. Nani apige king'ora, yumo. Vinyago vikaguliwe kila mwezi, vimo. Lakini una shimo. Naliona shimo hilo nikiwa nimekaa hapa kwenye kiti changu na goti langu juu ya stuli, na huyo Effie wako miaka yote analikanyaga halioni. Mwambie alitafute. Si ana akili?

Krismasi nimeweka keki ya matunda ikomae. Njoo.

Tryphena


Harbour Loyal
7 Desemba 1986

Bibi,

Natumaini goti linaendelea vizuri. Glavu za kijivu nimezipata, asante.

Shimo gani? Nimeusoma ule mpango mpaka ninauota. Nimezunguka kiwanda kizima na karatasi mkononi, mlango kwa mlango. Nimepiga simu kwako, najua ulikataza, ukainua ukasema, "Hapa kuna masikio sita," ukakata. Bibi, hawa ni watu. Pearl ana watoto wanne. Mimi nasimama meza ya pili, hatua ishirini kutoka kwenye mashine. Kama unajua kitu na unakificha kwa sababu mtu fulani amenipikia supu, basi sikuelewi, na sijui kama nataka kukuelewa.

Krismasi sitakuja. Tumepewa siku mbili, na meli ya pwani inachukua zaidi ya hizo kwenda tu. Nitakula kwa Shangazi Effie.

Glenda


Gannet Arm
8 Januari 1987

Glenda,

Mwaka mpya umeingia, sote hai. Paka mchungaji yupo. Keki tulikula mimi na Melvina, kipande chako nimekifunga kwenye kitambaa cha pombe kingoje hata Pasaka.

Wajifichao, wale wanaopita nyumba kwa nyumba ili tuwakisie ni nani, walikuja usiku wa pili wa Krismasi, sura zimefunikwa mapazia, wanaume wamevaa magauni, kelele mpaka sahani zikacheza. Nikawatambua wote, Hedley nilimjua kwa miguu yake. Kama kawaida makoti yao waliyatupa kitandani kwangu. Walipotaka kuondoka, kila mmoja alipekua lile fungu. Nje ni hatua kumi mpaka nyumba ya jirani, wamelewa, wana joto la kucheza, lakini hakuna aliyetoka bila koti lake. Hata mmoja. Nikakaa kitandani. Hedley akaniuliza, "Mama, umekanyagwa?" Nikasema toka.

Sasa sikiliza. Na wewe Melvina andika, usinitazame.

Ilikuwa tarehe kumi na tatu Februari, mwaka hamsini na moja, saa nne asubuhi. Bomba lilipasuka kwenye chumba cha mashine. Tulitoka wote kwa mlango wa baharini, watu arobaini na mmoja, wazima, hakuna hata aliyekohoa sana. Gunia lilikuwa linaonyesha upepo, tukasimama penye usalama. Mpango tulikuwa nao, ingawa haukuandikwa, maana ungeandikwa tungesomewa na nani. Mpango ulifanya kazi. Elewa hilo.

Lakini ilikuwa Februari. Tumelowa mpaka viwikoni. Aproni zinaganda zinakuwa kama mbao. Mikono mitupu, upepo kutoka kwenye barafu. Mwenzangu wa meza alikuwa Selina, dada yake Melvina. Miaka sita tumetazamana, najua meno yake yote. Akasema, "Tryphie, nakufa kwa baridi, naingia mara moja tu, nichukue koti." Na makoti yalikuwa wapi? Nyuma ya chumba cha mashine. Ndiko kwenye joto. Kila mtu anapenda kuvaa koti lenye joto akitoka kazini.

Mimi nilikuwa na koti jipya. La kijani, lenye ukosi wa manyoya, limetoka kwenye katalogi, la kwanza kununua maishani mwangu ambalo halikuwa la mtu kabla. Niliogopa litashika harufu. Na nitakwambia la ukweli, Selina alikuwa mzuri kuliko mimi, lile koti ndilo kitu pekee alichopata kunionea wivu, na nilikuwa nalipenda kwa hilo. Basi badala ya kumshika aproni, nilisema, "Lete na langu."

Nilisema hivyo. Maneno matatu.

Hakutoka. Walimtoa saa sita.

Shimo ni hilo, Glenda. Makoti yenu yako wapi? Usiniambie, najua. Yako nyuma ya mashine, kila kiwanda kwenye kisiwa hiki yako nyuma ya mashine. Ninyi mlifanya zoezi Oktoba jua likiwaka, mikono wazi, kwenye nyasi. Fanya Februari uone. Mtu aliyelowa hatasimama kwenye nyasi zako. Atasema naingia mara moja tu. Na atakayerudi si mjinga wala mwoga kama huyo wa chini ya meza, mjinga na mwoga wako mbali tayari. Atakayerudi ni yule hodari, anayekwenda kuwachukulia wenzake.

Kwa hiyo jengeni kibanda nje, upande upepo unakotoka mara nyingi, na kingine upande wa pili kwa siku upepo ukigeuka. Mjaze makoti. Makoti mabovu, ya marehemu, ya nani, mradi mtu akitoka akute kitu cha kuvaa kabla hajawaza kurudi. Na andika kwenye mpango: hakuna kurudi kwa ajili ya koti. Andika kwa herufi kubwa, halafu waambie kwa mdomo, maana watakaorudi si wasomaji.

Ulisema nakuficha kwa sababu ya Effie. Wivu ninao, sikatai, unanikaa kooni kama mwiba wa samaki. Lakini niliufanya pazia. Ulipoandika kwamba kila mtu asitoke bila mwenzake wa meza, ilikuwa kama huyo mwanamke amekuja kunigongea dirishani. Mwenzangu wa meza alirudi ndani, nami nilisimama nje nikimtuma.

Nimezunguka nyumba zote za hapa, nimekusanya makoti kumi na tisa, Hedley ameyafunga kwenye turubai, yanakuja kwa meli. Ya kuongezea tafuteni huko. Lile la kijani limo. Walinirudishia. Tangu hapo sijalivaa hata siku moja, halina tundu.

Tryphena

Glenda, hii ni mimi Melvina. Bibi yako ameinuka kutoa mkate jikoni, na mkate bado haujaiva. Selina alikutwa na makoti mawili, moja amelivaa, moja amelikumbatia. Watu wa Gannet Arm tunajua kuhesabu mpaka mbili, na koti la kijani lilikuwa moja tu pwani nzima. Miaka thelathini na sita nimemngoja aniambie. Leo ameniambia kwa kuniandikisha, ndivyo alivyo. Nimeandika kila neno kama alivyosema. Nakwenda kukaa naye.


Harbour Loyal
11 Februari 1987

Bibi,

Bibi yangu mmoja. Mimi mzima, nalisema hilo kwanza, kabla ya salamu, kabla Bi Melvina hajakohoa. Mzima wa miguu na mapafu. Sasa nakuamkia. Nakuamkia kwa magoti yote mawili.

Meli ilikwama kwenye barafu, barua yako na turubai vilinifikia tarehe ishirini na sita. Niliisoma nimesimama posta. Kisha nilikwenda kwa Bwana Stuckless na gauni la kazi nikamwambia nataka mbao. Akasema, "Kwa makoti? Binti, makoti yana chumba chake kizuri chenye joto." Nikamsomea ule ukurasa wako. Alasiri mbao zilikuwa uani, yeye mwenyewe ameshika nyundo.

Shangazi Effie alininunia siku tatu. Usicheke. Nilipomsomea ulivyosema analikanyaga shimo halioni, aliweka kisu chini. "Huyo bibi yako ana mdomo." Baadaye akasema, "Kila siku Bibi, Bibi. Bibi amesema ndoo, Bibi amesema kitambaa. Mimi nakupikia Jumapili zote, jina langu kwenye huo mpango liko wapi?" Nikatazama. Bibi, kweli halikuwepo. Nilikuwa nimeandika lako tu. Nikaliongeza.

Jana, Jumanne, saa tatu na nusu asubuhi, bomba lilipasuka.

Si kama mwezi wa saba. Lilipiga mlio kama mlango wa chuma uliofungwa kwa hasira, na ukungu mweupe ukaja umelala chini, ukitambaa kati ya miguu ya meza. Fundi alivaa kinyago akaenda kwenye valvu. King'ora. Vitambaa, ndoo. Mguu wa suruali ulikuwa umevimba kuelekea gati, palepale tulipofanya zoezi, basi tukaenda upande wa pili, kwenye mawe. Hakuna nyasi. Upepo wa kaskazini mashariki, baridi ya kukata masikio. Mikono yangu ilikuwa na damu ya samaki imeganda ikawa kama glavu.

Nilikuwa nimetoka na mwenzangu wa meza, nimemshika kiwiko. Tumefika kwenye mawe, akasimama, akajipapasa kifua kama mtu aliyesahau funguo. Akasema, na naapa, Bibi, ndivyo alivyosema: "Naingia mara moja tu."

Mimi: "Shangazi, wapi?"

"Koti la Ambrose." Marehemu mume wake. Amelivaa kila baridi tangu alipofariki, bado lina tumbaku mfukoni. "Nitawaletea na ninyi. Tena nitaanza na la Pearl, anatetemeka."

Yeye aliyetunga mpango, Bibi! Yeye aliyekuwa akiwafundisha wengine!

Nikamshika aproni. Nikaishika kwa mikono miwili, nikakaa chini kwenye theluji ili awe mzito wa kunivuta. Akanipiga kofi. Ananipigia kelele, "Niachie, we mtoto, huna adabu!" Nami nalia, namwambia, "Koti liko nje! Liko nje, vaa la Bibi!" Watu wawili wakatusaidia. Akavikwa la kijani, lenye ukosi, pale kibandani. Akalifunga vifungo mwenyewe, kimoja kimoja, bila kunitazama, mpaka juu.

Themanini na wanne. Niliwahesabu wawili wawili, mara tatu. Pearl macho yake yaliungua kidogo, alitoka bila kitambaa, yuko hospitali na daktari anasema ataona vizuri. Fundi anakohoa. Wengine wote tulikuwa makwetu saa nane, tumevaa makoti ya watu wa Gannet Arm na ya marehemu wa Harbour Loyal. Yale ya chumba cha joto yametupwa yote. Bwana Stuckless anasema mle ndani ndimo ukungu ulimojaa kwanza. La Ambrose nalo limetupwa. Nilidhani Shangazi atalia. Alisema tu, "Afadhali limekwenda peke yake."

Usiku wa jana hakulivua koti lako. Leo pia amekuja nalo mezani, amevaa aproni juu yake. Nikamwambia ni la Bibi, litashika harufu ya samaki. Akasema, "Mwambie bibi yako halitoki mwilini mwangu mpaka nimshukuru uso kwa uso, na mwambie pia kwenye mabega linanibana." Anataka kujua kama unakubali.

Mjukuu wako,
Glenda


Gannet Arm
2 Machi 1987

Mwanangu,

Wazima. Barafu bado, goti bado, paka mchungaji ameanza kuiba. Melvina amesoma barua yako mara moja kwa sauti, mara ya pili sauti ikakataa, akaita mke wa Hedley aje amalizie. Sasa pwani nzima inajua, na hata simu ingekuwa na siri zaidi. Sijali tena.

Ulikaa kwenye theluji ukashika aproni. Hilo tu. Nimeamka nalo kila asubuhi tangu barua ije, nalivaa kabla ya soksi.

Mimi na Melvina tulikwenda kaburini kwa Selina tarehe kumi na tatu Februari, kama kila mwaka. Kila mwaka tumekuwa tukienda kila mtu kwa saa yake. Mwaka huu tulikwenda pamoja, tukarudi, akala mkate wangu nusu nzima na siagi.

Sasa huyo Effie. Nimehesabu, umo mwenyewe kwenye barua hiyo zaidi yake, na mimi zaidi yenu nyote, basi tumalize habari ya kuhesabu. Kukupiga kofi, nitamwuliza mimi. Aliyempa ruhusa ya kumpiga mjukuu wangu ni nani? Halafu nitamshukuru, maana anayekuona mtoto wake tu ndiye angekupiga vile, na mimi ningekupiga vilevile. Na kama linambana mabegani, kosa si la koti, ni mkate usiokandwa vizuri.

Nakubali alivae. Lakini si kwa barua. Mwezi wa tano barafu ikiachia, mpande meli, mje wote wawili. Alilete mwenyewe, nimwone lilivyomkaa. Nimwonyeshe mkate unavyokandwa, mara tatu, na molasi.

Msumari wako uko palepale nyuma ya mlango. Hedley amenipigilia mwingine pembeni yake, anasema amechoka kutupiwa kofia nje, nami nimemwambia si wa kofia. Effie koti ataliweka kitandani, kama wageni wote.

Siku ya kwanza tu.

Bibi yako,
Tryphena